Juu Hakuna Nazi

Katika mchezo wa nguzo, hakuna anayepigiwa makofi kwa kukwea. Makofi humngoja yule aliyekwisha kufika juu, akaachia mikono na kuning'inia kwa mapaja, kichwa chini miguu juu. Picha zinazozunguka simuni zote ni za huko darini: mwili umenyooshwa sambamba na sakafu, mgongo umepindwa, vidole vya miguu vimechongoka. Namna mtu alivyofika huko haimo pichani. Lakini mwulize mwalimu yeyote wa mchezo huu, atakuambia kwamba asiyejua kukwea hana mchezo. Atazunguka sakafuni mwaka mzima huku mambo yote mazuri yakitendeka juu ya utosi wake. Basi mimi nausifu ukweaji huo wa mwanzo, ule ambao mtazamaji huungoja uishe ili mchezo uanze.

Sisi tunajifunzia Gitothua, hapa Ruiru, katika chumba cha ghorofa ya pili kilichokuwa stoo ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Darasa ni la Jumamosi, na wanafunzi ni wanawake wa mtaa: muuguzi, mwalimu wa chekechea, mwenye kibanda cha M-Pesa, wawili wa kiwandani wanaokuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Hakuna kati yetu aliyewahi kucheza sarakasi. Wengi mara ya mwisho kupanda kitu kirefu kuliko stuli tulikuwa watoto, tukifuata mapera ya jirani.

Mgeni hudhani kukwea ni kazi ya mikono. Hulidaka bomba juu ya kichwa, akajivuta kwa nguvu zote, mabega yakapanda hadi masikioni, miguu ikapapatika hewani, na baada ya pumzi mbili yuko pale pale alipoanzia, viganja vinamuwaka. Mwalimu humtazama mpaka amalize, kisha humwambia neno ambalo mara ya kwanza halina maana: "Dada, wacha kuvuta. Simama." Asimame wapi, na miguu haina pa kukanyaga?

Ufundi wenyewe umejificha katika swali hilo. Mguu unaotangulia hukunjwa goti, na muundi, ule mfupa wa mbele usio na nyama, hulazwa mshazari juu ya chuma, goti upande huu wa bomba na unyayo upande wa pili. Kikanyagio hukunjwa kwenda juu ili mgongo wa mguu ulipate bomba na kulinasa. Mguu wa pili hupita nyuma, shavu lake likalikandamiza bomba dhidi ya muundi wa kwanza, na magoti yakabana kama mkasi uliofungwa. Hapo ndipo pa kukanyaga. Hapakuwapo, umepatengeneza kwa mwili wako. Ukinyoosha magoti sasa, unainuka. Mikono haikuvuta chochote. Imepanda tu kwenda kutafuta mahali papya pa kushika, sentimita 30 juu zaidi. Ukishashika, unakunja tumbo, unaleta magoti karibu na kifua, unabana tena, unasimama tena. Kunja, bana, simama, shika. Mwalimu huyahesabu maneno hayo manne kwa kupiga viganja, na mtu aliyeyaelewa hupanda bila papara, kana kwamba ana ngazi asiyoiona mwingine.

Paja la mtu mzima, hata la mtu ambaye hajawahi kuingia jimu, limekuwa likimbeba tangu alipojifunza kutembea. Limepanda ngazi za ghorofa na madaraja ya waenda kwa miguu ya barabara ya Thika. Mkono haukuzoezwa hivyo. Ukweaji mzuri huukabidhi mzigo kwa yule aliyezoea kuubeba, na mkono ukabaki na kazi yake halisi, ya kushika wakati miguu inajipanga. Ndiyo maana katika darasa letu mwanamke mwenye mapaja mapana, aliyeingia akiomba radhi kwa ajili ya uzito wake, aliweza kukwea kabla ya msichana mwembamba mwenye mikono ya mkimbiaji. Alikuwa na eneo kubwa la kubania, na nguvu ya kubana.

Kinachotuzuia tusianguke ni msuguano, na msuguano una masharti yake. Ngozi hushika chuma, kitambaa huteleza. Kwa hiyo kaptura fupi si mapambo wala uchokozi, ni kifaa cha kazi, sawa na glavu za mchomeleaji vyuma. Jasho jepesi husaidia, jasho jingi huangusha, na mafuta ndiyo adui mkubwa kuliko wote. Hapa wanawake wa Kiambu tunapata taabu. Tumelelewa na mama ambao hawakumwachia mtoto aende shule magoti yamepauka. Mkebe wa mafuta ya Arimis ulikuwa mlangoni, nayo yalipakwa mpaka miguu ikang'aa. Ngozi iliyopauka ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Leo mwalimu anatuambia tuje tumepauka. Anayejipaka usiku wa Ijumaa, hata kama ameoga asubuhi, chuma kitamfichua: atabana vizuri, atasimama vizuri, na atashuka polepole huku akishangaa. Ndipo hutolewa kitambaa chenye spiriti, bomba likapanguswa kuanzia juu hadi chini kwa ajili ya anayefuata.

Halafu kuna baridi. Mwezi wa Julai, jua likikaa siku kadhaa bila kuonekana, chuma huamka baridi, na chuma baridi hakimshiki mtu. Tunakisugua kwa viganja, tunapanda hatua mbili na kushuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka bomba lichukue joto letu. Anayekuja mwisho hupata nguzo iliyokwisha kupashwa na wenzake. Sijui mchezo mwingine ambamo aliyetangulia humfanyia anayefuata kazi hiyo bila hata kukusudia.

Maumivu nayo yapo, wala hayafichwi. Muundi hauna nyama ya kuukinga, na kuulaza juu ya chuma huku umebeba mwili mzima si jambo la kufurahisha. Majuma ya kwanza mgongo wa mguu hupata mivilio, sehemu ya ndani ya goti hubabuka, na mtu akivaa sketi kazini huulizwa amegongwa na nini. Baadaye ngozi hujifunza. Haiwi ngumu kama gome. Huzoea tu kubanwa, na mishipa ya fahamu huacha kupiga kelele kwa kila mguso. Ukweaji humfundisha mtu kutofautisha uchungu wa kazi na uchungu wa hatari. Ule wa kwanza unawaka juu ya ngozi na huisha ukishuka. Wa pili unachoma ndani ya bega au kifundo cha mkono, na ukiupuuza utakulaza nyumbani. Mwalimu husema wa kwanza uvumilie, wa pili uutii.

Nguzo tuliyo nayo ilitengenezwa mtaani. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, ghorofa za kupangisha zimejaa Ruiru, na nyingi zimefungwa reli za ngazi za stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Mabomba hayo huuzwa ya inchi 2, yaani milimita 50 na kidogo, au ya inchi 1 na nusu, yaani milimita 38. Nguzo ya mashindano ya kimataifa ina milimita 45, katikati ya hayo mawili. Kwa hiyo fundi wa reli za ngazi tayari ana malighafi mikononi. Anachokosa ni sababu. Wa kwetu alipokuja kupima alisimama katikati ya chumba, futi mkononi, akaangalia dari na kuangalia sakafu.

"Madamu, hii reli ni ya ngazi gani?"

"Haina ngazi."

"Sasa mtu akifika huko juu anachukua nini?"

"Hachukui kitu. Anashuka."

Alicheka, akafikiri, akapima upya. Kazi ikabadilika mbele ya macho yetu. Alikataa kufunga bamba la juu kwenye jipsamu. Aliikata, akaitafuta zege yenyewe, akaitoboa na kuingiza boliti za kupanuka. Alisaga na kung'arisha kila alama ya kuchomelea, maana kama ni ngozi ya mtu itapita hapo, alisema, hawezi kuacha kikwaruzo. Mwisho akalidandia bomba mwenyewe kulijaribu, na suruali yake ya kazi na buti zake, akateleza hadi chini kwa mlio mrefu, tukaangua kicheko yeye wa kwanza. Ila swali lake lilibaki, na ni swali la haki. Mtu akifika juu anachukua nini?

Maana wakwezi wote wengine wana jibu. Pwani, kuanzia Kilifi na Kwale hadi Unguja na Pemba, mkwezi hupanda mnazi unaofika mita 20 na zaidi. Wengine hukanyaga vidato vilivyochongwa shinani. Wengine hufunga kitanzi cha kamba miguuni ili nyayo zibane shina pande zote mbili. Ukimtazama kwa makini utaona maneno yale yale manne: anakunja, anabana, anasimama, anashika. Mikono yake inakumbatia tu. Miguu ndiyo inayompandisha. Anarudi na nazi, au akiwa mgema anarudi na tembo, na kesho atapanda tena kugema. Hapa Ruiru tunaye fundi wa stima, mkanda kiunoni na vyuma vya kukwelea miguuni, akipanda nguzo ya mkaratusi baada ya mvua ya upepo wakati mtaa mzima uko gizani. Akishuka, taa zinawaka na watoto wanashangilia. Wote wawili hupanda kwa sababu juu kuna kitu. Juu ya nguzo yetu hakuna nazi, hakuna waya, kuna bamba la chuma na boliti zake.

Wenye kukwea bila nazi, hata hivyo, ni watu wa zamani sana. Nchini India kuna mallakhamb, mazoezi ya kupanda na kujipinda juu ya mlingoti wa mbao uliopakwa mafuta ya mbarika. Mazoezi hayo yanatajwa katika Manasollasa, kitabu cha karne ya 12, na mwanzoni mwa karne ya 19 yalihuishwa na Balambhatta Dada Deodhar, mwalimu wa mazoezi wa mtawala Peshwa Bajirao wa Pili. Yalikuwa ya wapiganaji wa mieleka: anayeweza kuubana mti unaoteleza hashindwi kumbana mtu. Wanasarakasi wa China nao hukwea mlingoti uliovikwa mpira, na kwa kuwa mpira huunguza ngozi, wao hufunika miili yao kwa nguo ndefu, kinyume chetu kabisa. Mlingoti huo umefika hata kwetu. Vijana wa Kenya wanaupanda katika maonyesho ya sarakasi ndani na nje ya nchi, na taasisi ya Sarakasi Trust, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2001 na yenye ukumbi wake Ngara katika jengo lililokuwa sinema ya Shan, imewalea wengi waliojipatia riziki kwa miili yao.

Lakini nguzo ya chuma kama yetu haikutoka kwa wanamieleka wala kwa wanasarakasi peke yao. Ilitoka katika klabu za usiku za Amerika Kaskazini, kwa wanawake waliocheza wakivua nguo mbele ya wanaume waliolipa. Sioni sababu ya kulificha. Mtaani wapo wanaoshusha sauti wakitutaja, na wapo wenzetu wanaojitetea haraka kwamba wao wanafanya mazoezi tu, hawana uhusiano na mambo hayo. Mimi najitenga na utetezi huo. Wanawake wale ndio waliogundua kwa ngozi zao jinsi ya kulibana bomba jembamba la chuma, usiku baada ya usiku, wakiwa wamechoka, na viatu virefu miguuni. Miaka ya 1990 Fawnia Mondey, Mkanada aliyetoka katika kazi hiyo, akaanza kuwafundisha wanawake wasiokuwa wa klabu. Mwaka 2009 likaundwa Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Nguzo, mashindano yake ya kwanza ya dunia yakafanyika London mwaka 2012, na Oktoba 2017 shirikisho hilo likapewa hadhi ya mwangalizi katika GAISF, iliyokuwa jumuiya ya mashirikisho ya michezo duniani. Leo waamuzi hukaa mezani na karatasi za alama. Wanachopima ni ufundi uliozaliwa mahali ambapo hakuna aliyeutolea alama. Anayeufurahia ufundi na kumdharau aliyeugundua ana deni.

Turudi kwa fundi na swali lake. Ruiru ni mji wa kuchuma. Kabla ya ghorofa ulikuwa mji wa kahawa, na jina lake bado linatembea mashambani kwa sababu ya Ruiru 11, aina ya kahawa iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti kilichopo hapa. Ni mmea mfupi unaostahimili magonjwa mawili makubwa ya kahawa, na kwa ufupi wake miche mingi hutosha katika eka moja na mchumaji hufikia matunda akiwa amesimama chini. Ni uvumbuzi wa kusifiwa, na unaeleza vizuri akili ya mahali hapa: kama kuna kitu juu, kishushwe kifikike. Sisi wajukuu wa wachumaji tumeurithi mwendo huo. Kila pumzi ina hesabu yake. Kuna karo, kodi ya nyumba, mchango wa chama, mkopo wa sako, dawa za mzee kijijini, harambee ya binamu. Mwanamke wa Gitothua akiinua kitu, karibu kila mara ni cha mtu mwingine. Hubeba mtoto, maji wakati mifereji imekauka, mifuko ya soko, na siku ikiisha amebeba hata mawazo ya nyumba nzima.

Kwenye nguzo anabeba nini? Anajibeba mwenyewe. Kwa urefu wa chumba kimoja hakuna mzigo mwingine unaoruhusiwa, kwa sababu hakuna mkono wala mguu ulio huru kuushika. Mwenye kibanda cha M-Pesa aliniambia kwamba pale ndipo mahali pekee ambapo hajawahi kukumbuka salio la floti. Si kwa sababu pana utulivu. Akilikumbuka, anateleza. Miguu inadai kufikiriwa yote miwili kwa wakati mmoja, na akili iliyojaa miguu haina nafasi ya deni.

Nadhani hilo ndilo jibu, na ndiyo maana sifa ya ukweaji haiwezi kupimwa kwa kile kinacholetwa chini. Mkwezi wa nazi akikosa nazi amepoteza asubuhi yake. Mkwezi wetu hawezi kurudi mikono mitupu, maana alichokifuata amekwenda nacho. Uzito uleule uliokuwa ukimwelemea kwenye ngazi za ploti, uzito alioutukana mbele ya kioo, umekuwa ndicho kitu alichojua kukipandisha. Haukupungua hata gramu. Amejifunza tu mahali pa kuukanyagia.

Nusu ya pili ya ufundi ni kushuka, na wanaoanza hawaamini hivyo mpaka wafike juu. Kuachia tu na kuteleza ni kuchubua mapaja. Kuruka ni kuumiza vifundo vya miguu. Mtu hushuka kwa hatua zile zile kinyumenyume: anabana, anashusha mikono, analegeza magoti kidogo, anajishusha, anabana tena. Kushuka nako kunadai nguvu, tena wakati nguvu zimekwisha, na mwanafunzi hufundishwa kubakiza akiba ya safari ya kurudi kabla ya kushangilia. Hapo hata methali hugeuka. Aliye juu mngoje chini, wahenga walisema, na kwa kawaida husemwa kwa kisasi, kumtisha mwenye majivuno. Darasani kwetu husemwa kama ratiba ya kazi. Aliye juu anangojwa kweli: mmoja amesimama karibu na mkono wake tayari, mwingine amelisogeza godoro, wa tatu ameshika kitambaa cha spiriti. Hakuna anayeomba aanguke, kwa kuwa zamu yake ya kungojwa inafuata.

Basi fundi wetu, na yeyote mwingine mtaani mwenye swali kama lake, jibu refu ni hilo. Lipo na fupi: Jumamosi, baada ya saa nne asubuhi, ghorofa ya pili. Uje na kaptura, maji ya kunywa, na miguu isiyopakwa mafuta.